Dokumentari ya pili ya wafungwa imeisha, pesa ya kuitangaza ni 38,000, nianzie wapi?

Kamera_ya_Lanet (Nakuru)

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wale mmewahi kutangaza filamu bila kuwa na pesa ya maana, hasa huku kwetu Nakuru kushuka mpaka Kisumu na Kakamega, kwa sababu ushauri mwingi nimepata ni wa watu wa Nairobi na hauingiani na hali yetu.

Mwaka wa 2018 mimi na mwenzangu tulitengeneza dokumentari ya dakika 40 kuhusu watu watano waliokuwa wanatumikia kifungo, wanaume wanne na mama mmoja. Wakati huo huko ndani stori ilikuwa moja tu, Muruatetu, Muruatetu, kila mtu ana fotokopi ya ile kesi imekunjwa mpaka imeanza kukatika. Kwa kesi hiyo Mahakama ya Juu ilikuwa imesema tarehe 14 Desemba 2017 kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba, sasa watu waliokuwa wamekaa miaka kumi, kumi na tano, wakaanza kuomba warudishwe kortini wahukumiwe upya. Watatu kati ya wale wanaume wanne walikuwa kwa hiyo foleni. Filamu yetu iliisha wakiwa bado wanangoja, maana pesa ilituishia kabla korti haijawaita.

Sasa tumerudi kuwatafuta wote watano, imetuchukua karibu miaka mitatu ya wikendi na likizo. Wawili walisimama mbele ya jaji, akaangalia miaka waliyokaa na ripoti za probesheni, wakatoka. Wa tatu kesi yake ilikuwa wizi wa mabavu. Kwa muda kuna korti zilikuwa zinawahukumu upya hata watu wa wizi wa mabavu, wawili aliolala nao seli moja walienda nyumbani hivyo, yeye faili yake ikachelewa, halafu tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba ule uamuzi ulikuwa wa kesi za mauaji pekee. Ako ndani mpaka leo. Wa nne alimaliza miaka yake na sasa anashona viatu. Na yule mama pia alitoka. Alikuwa amekaa na mtoto wake huko ndani, sheria inaruhusu mpaka mtoto afike miaka minne, na filamu ya kwanza inaisha ile asubuhi nyanya ametoka Kakamega kuja kumchukua msichana, amemletea sweta nyekundu kubwa kiasi kwamba inafika magotini. Huyo msichana sai ako Gredi ya 6. Sweta bado iko, nyanya aliiweka.

Filamu mpya ni dakika 52, imeisha kila kitu mpaka sauti. Kwa akaunti tumebaki na 38,000 na hakuna ingine inakuja. Kuna influensa mmoja ameniambia 25,000 kwa posti moja. Mwenzangu anasema tuweke yote kwa matangazo ya Facebook. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kwamba hii ni filamu ya pili, je, mtu ambaye hakuona ya kwanza nitamwambia nini? Ya kwanza iko YouTube, ina watazamaji kama 11,000 tangu wakati huo, na wengi walikuja kwa wiki moja tu wakati klipu moja ilizunguka kwa magrupu ya WhatsApp, sijui nani aliirusha. Kila nikilala naifikiria hii kitu, hawa watu walitupatia maisha yao mara mbili na sitaki ikae tu kwa chaneli ikitazamwa na marafiki zangu.

Nyar_Kibuye (Kisumu)

Pole na kazi, na hongera kwa kurudi, watu hawarudi. Tangu 2003 wakati Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais na akafungulia kamera milango ya magereza, tumeona kila aina ya stori za jela kwa runinga, magodoro mapya, kwaya, hata mashindano ya urembo kule gereza la wanawake Lang'ata, na mimi nilikuwa nakaa nikijiuliza yule dada aliyevalishwa taji yuko wapi leo. Kwa hivyo usiogope neno filamu ya pili. Hiyo ndio nguvu yako yote. Chukua mtu mmoja, muulize swali lile lile ulimuuliza 2018, weka majibu mawili moja baada ya lingine, uso ule ule, mvi zimeingia. Mtu wa mtaa wa Manyatta hapa Kisumu ambaye hajawahi kusikia filamu yenu ataelewa kwa sekunde ishirini bila maelezo. Na ndani ya filamu yenyewe weka dakika mbili za kwanza za kukumbusha, basi, usimtume mtu akatazame dakika 40 kwanza ndio aruhusiwe kuingia kwa hii.

Influensa wachana naye. Si kwa ubaya, lakini 25,000 mimi nimefanya nayo maonyesho manne ya mtaani na watu wakabaki wakiongea mpaka saa tano usiku.

Sisi huku tunafanya hivi. Kuna vibanda vya mpira Kondele, Nyalenda, Obunga, viko na skrini, spika, viti, na mwenye kibanda ana shida moja, siku ambayo hakuna mechi hana mtu. Mwendee Jumanne au Jumatano, sio wiki ya Champions League, mwambie unataka saa mbili, yeye auze soda na karanga zake, wewe umpatie kitu kidogo cha stima. Mara nyingi tunaelewana kwa 1,000 au 1,500. Projekta unakodisha tu pale ambapo hakuna skrini. Na usiweke kiingilio. Mtu akilipa hata bob 50 anakuja kutazama sinema, akiingia bure anakuja na jirani yake, na wewe hapa unatafuta jirani.

Redio sasa. Watu wa filamu hukosea hapa, wanaenda ofisi ya matangazo wanaulizwa pesa wanatoroka. Usiende kununua tangazo. Mtafute prodyusa wa kipindi cha mazungumzo cha usiku au cha Jumapili, mwambie nina mtu aliyetoka gerezani na yuko tayari kuongea na wasikilizaji wapige simu. Mgeni mwenye stori yake halipishwi, anatafutwa. Kwa Kijaluo kuna Ramogi na Nam Lolwe, kwa Waluhya kuna Mulembe, Wabukusu wako na Sulwe, Bungoma kuna West FM, huko kwenu Radio Amani. Lakini lazima mgeni aongee lugha ya hiyo stesheni. Ukienda wewe na Kiswahili chako cha Nakuru kwa kipindi cha Kijaluo watakusikiliza kwa heshima halafu watasahau. Akienda huyo jamaa mwenyewe, aseme siku ya kwanza nyumbani alilala wapi, simu zitajaa.

Nauliza pia, kuna yeyote kati ya watano ametoka huku Nyanza? Maana magari ya Busia yanapita pale gereza la Kodiaga kila siku na nusu ya abiria ni watu wanajua mtu huko ndani, na hakuna anayesema kwa sauti.

Edita_Kaptembwa (Nakuru)

Nakubaliana na Nyar kwa redio ila msidharau simu. Vijana wote wako kwa simu. Mimi nimekuzia watu chaneli tatu hapa Nakuru nakuambia kitu kimoja, filamu ya dakika 52 haitangazwi na trela ya dakika tatu, inatangazwa na vipande ishirini vya sekunde thelathini. Kata wima, sio ile ya kulala. Weka maandishi makubwa ya Kiswahili chini kwa sababu watu wanatazama kwa matatu bila sauti. Fanya faili iwe ndogo, MB nne au tano, mtu wa bando ya bob ishirini hawezi kukufungulia MB sitini, na kama unataka iwekwe kwa stetasi za WhatsApp ikate iingie yote kwa stetasi moja, ikigawanyika vipande viwili watu hawarushi.

Ile filamu ya kwanza usiifute na usiipandishe upya. Hiyo 11,000 ni mtaji. Ingia kwa maelezo yake, weka linki ya mpya juu kabisa, bandika komenti, weka kadi ya mwisho, ziunganishe kwa orodha moja ili ikiisha ya kwanza ya pili ianze. Halafu siku ya kuachilia, usiachilie tu usiku ukalala, weka saa, kama saa mbili jioni Jumapili, watu wangoje pamoja na wewe ukae hapo kwa komenti ukijibu. Saa za kwanza ndizo zinaamua kama YouTube itaipeleka kwa watu wengine au itaiacha hapo.

Facebook weka 4,000 au 5,000 pekee na usibusti kwa Kenya nzima, chagua miji mitatu, Nakuru, Kisumu, Kakamega, na ubusti klipu ambayo tayari imefanya vizuri yenyewe, sio ile wewe unapenda.

Na kichwa lazima kishtue. MUUAJI ARUDI KIJIJINI, uso wake umekaribishwa, rangi nyekundu, mshale. Najua mtasema ni makelele lakini bila hiyo hakuna mtu anabonyeza, hiyo ndio soko.

Fundi_wa_Webuye (Bungoma)

Mimi huwa nasoma tu hapa siandiki. Leo nitaandika.

Nilikaa ndani miaka tisa. Sitasema kesi. Mwaka wa mwisho walikuja watu wa kamera, si hawa wa Lanet, wengine, wakatupanga nje wakaniuliza maswali nikajibu, nilifurahi hata, maana siku nyingi hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu na akangoja nijibu. Niliweka sahihi kwa fomu. Afisa alikuwa amesimama hapo karibu na meza. Ndugu yangu, ukiitwa ofisini ukiwa mfungwa na uambiwe weka sahihi, unaweka, hakuna mtu alikulazimisha lakini hakuna mfungwa anajua kukataa akiwa ofisini.

Nikatoka. Nikaanza useremala nyuma ya nyumba ya shemeji, vitanda, stuli, milango. Siku moja niko kwa laini ya poshomili na gorogoro zangu nne za mahindi, nikasikia sauti yangu. Yangu mwenyewe. Ilikuwa inatoka kwa simu ya kijana nyuma yangu, nasema yale maneno niliyosema siku ile, na juu wameandika maneno kama hayo ya Edita, muuaji sijui nini. Kijana hakujua ni mimi. Mama aliyekuwa mbele yangu aliangalia simu, akaniangalia, akavuta debe lake karibu na miguu. Hakusema kitu. Kufikia jioni mzee mmoja aliyekuwa ameniagizia milango miwili alimtuma mtoto aje achukue deposit yake.

Nimekaa sana kurudisha hayo mambo mahali yalipokuwa. Chifu alinisaidia, pastor pia. Lakini kuna watu mpaka leo wakipita kwa karakana wanapitia ng'ambo ya barabara.

Kwa hivyo Kamera, wewe umeuliza nianzie wapi. Anza kwao. Kabla ya redio, kabla ya kibanda, kabla ya Facebook, chukua laptopu uende kwa kila mmoja umuonyeshe dakika zote 52, akiwa kwake, ameketi kwa kiti chake, na umuulize tena, kwa sababu ile ndiyo aliyokupa gerezani haikuwa ndiyo ya mtu huru. Umuulize tutumie jina gani. Umuulize kijiji kionekane ama kisionekane. Umuulize mke wake na watoto wamejua. Akikuambia toa hiyo dakika, itoe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Na usisahau kuna nyumba nyingine. Kama ni kesi ya mauaji kuna mtu alikufa, na watu wake wako, pengine ni kilomita mbili tu kutoka hapo. Wakati wa kuhukumiwa upya afisa wa probesheni alienda kwao pia kuuliza wanasemaje, kwa hivyo kuna mtu anajua njia ya kufika. Wasikie kwako kwanza kwamba filamu inakuja, wasiione kwa simu ya mtu.

Huyo wa viatu, kichwa chake ni fundi wa viatu. Hicho ndicho anafanya leo. Wateja wakimuona wajue wampelekee viatu.

Edita_Kaptembwa

Fundi, nimesoma mara tatu. Nilikosea na ninaomba msamaha, kweli sikuwa nimefikiria mtu akiwa kwa laini ya poshomili. Nimekaa miaka nikifunza watu hivyo vichwa vya kushtua na hakuna siku nimeulizwa na mtu aliye ndani ya picha.

Kamera, sahau kile kichwa. Tumia ile ya Nyar, swali lile lile mara mbili. Kichwa kiwe swali lenyewe, maneno mliyomuuliza 2018, na mwaka wa zamani na mwaka wa sasa. Inashika mtu vizuri tu, labda hata zaidi, kwa sababu mtu anataka kujua jibu. Na klipu zote muziweke alama ya chaneli yenu kubwa katikati chini, ili mtu mwingine akiikata aweke maneno yake ionekane si nyinyi. Mimi nitakukatia klipu kumi bila malipo, niko hapa karibu na soko, niletee hard disk.

Mwanafunzi_Njoro

Kwa ufupi upande wa sheria, nasomea hiyo. Filamu ya kuonyeshwa kwa watu hadharani, hata kibandani, hata kanisani bila kiingilio, inafaa ipitie Bodi ya Filamu KFCB ipewe daraja kwanza, uliza ada mapema ndio isikule bajeti ghafla. Mtoto asionekane uso, asitajwe jina wala shule. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka majina ya watoto na mambo ya familia kwa zile data nyeti, kwa hivyo ruhusa ya mama iwe kwa maandishi na iwe mpya. Huyo aliye ndani bado, uliza kama ana rufaa au ombi kwa ile Kamati ya Msamaha ya Rais, na kama lipo mtu wake wa kisheria atazame sehemu yake kabla haijatoka, kwa sababu neno moja likisikika kama anamlaumu jaji au kama hajutii linaweza kusomwa mahali pabaya.

Na kuna wateja hujawafikiria. Kila kituo cha mahakama kina kamati ya watumiaji wa korti, pale wanakaa hakimu, polisi, magereza, probesheni, mawakili, chifu, mara nyingine makanisa. Omba dakika kumi kwa kikao kimoja hapa Nakuru, onyesha klipu moja. Hao ndio watu wenye kumbi na wenye wageni. Vyuo pia, Kabarak wana shule ya sheria, Egerton iko hapa Njoro, Maseno na Masinde Muliro huko chini, vilabu vya wanafunzi vinatafuta kitu cha kuonyesha Ijumaa jioni na projekta iko ukutani tayari.

Bonde_Langalanga

Trela iko wapi tuone?

Mama_Lurambi (Kakamega)

Wanangu hongereni kwa kazi hii. Fundi, Mungu akuzidishie, karakana yako iendelee.

Mimi niko kwa kikundi cha kina mama wa kanisa tunaotembelea gereza huku kila mwezi, tunabeba sabuni, mafuta ya kujipaka, sodo, nepi kwa wale walio na watoto. Miaka mingi sasa. Kitu nataka kuwaambia ni kwamba hakuna watu wanaotangaza kitu kama kina mama wa vikundi na hatuhitaji kulipwa. Sisi tu ni watu arobaini, kila mmoja yuko kwa chama kingine kimoja au viwili, kila chama kina grupu. Kamera ukinipa klipu moja yenye heshima, isiyo na mambo ya damu, kufikia Jumapili jioni itakuwa imefika Mumias, Butere, Malava, Khwisero, na itafika na mtu akisema huyu ni mtoto wa nani, tumuombee, au, huyu anashona viatu wapi nimpelekee. Sasa hiyo ni tofauti na mtu kuiona tu kwa simu peke yake usiku.

Ukumbi wa kanisa hatuwezi kukulipisha. Mafundi wa sauti ni vijana wetu. Wewe leta filamu na umlete huyo mama, kama anataka. Asipotaka usimlete, filamu inatosha. Na baada ya kuonyesha msiwashe taa muende, weka viti watu waongee, kwa sababu nakuhakikishia kwa ukumbi wowote huku kuna mtu ameketi pale nyuma ana mtoto wake ndani na hajawahi kumwambia mtu. Mimi nilikuwa huyo mtu. Ndugu yangu wa kunifuata alikaa remandi miaka mitatu kabla kesi iishe na nilikuwa nawaambia watu yuko Mombasa kazini.

Swali langu kwako, huyo msichana wa sweta ameiona filamu?

Kamera_ya_Lanet

Nimekaa siku kumi na mbili bila kujibu kwa sababu nilikuwa barabarani, niliposoma ya Fundi niliona hakuna haja ya kujibu kabla sijaenda.

Mama Lurambi, hapana, hakuwa ameiona. Na nikakumbuka ile klipu yetu iliyozunguka ilikuwa yake na nyanya, ile ya asubuhi, na niliifurahia sana ile wiki nikihesabu watazamaji na hata siku moja sikupiga simu kuuliza huko Kakamega imefikaje. Ilifika. Nyanya aliniambia mtu alikuja na simu sokoni akamuuliza mbele ya watu kama ni yeye. Alikubali. Alirudi nyumbani bila kuuza ndizi zake. Haya aliniambia akichambua mboga, bila hasira, na hiyo ndio ilinimaliza.

Nimewaonyesha wote wanne walio nje. Wa viatu aliomba tutoe sehemu moja ambapo anatajwa na ndugu yake wakigombana, tumetoa. Mmoja wa wale wawili wa Muruatetu alitazama akanyamaza muda mrefu halafu akauliza kama anaweza kuongea yeye mwenyewe kwa redio, kwa Kijaluo, kwa hivyo Nyar jibu la swali lako ni ndiyo, kwao ni upande wa Ahero na ako tayari, nisaidie na prodyusa. Mwingine alisema jina lisitajwe na tumekubaliana. Mke wa aliye ndani alitazama na mimi kwa laptopu hapa Nakuru, kuna ombi la msamaha limeshapelekwa, kwa hivyo sehemu ya bwanake imesomwa na wakili wa msaada na imebadilishwa maneno mawili ya msimulizi. Kwa ile familia ya marehemu tulienda na afisa wa probesheni. Hawakutaka kutazama. Walisema asanteni kwa kuja kutuambia, wakatupatia chai.

Msichana alitazama na mama na nyanya yake, sebuleni, mlango umefungwa. Kila alipojiona mdogo alikuwa anacheka anaficha uso kwa mto. Mwisho mama yake alimuuliza kama tuna ruhusa yake, na akasema uso hapana, lakini sweta mnaweza. Basi bango letu ni hiyo sweta. Nyanya aliifua, tukaianika kwa kamba nyuma ya jikoni, tukapiga picha saa kumi na moja jioni, mkono mmoja umevutika kwa sababu ya kibanio. Hakuna mtu kwenye picha. Edita ameiona anasema tusiweke hata maneno mengi, jina la filamu na miaka miwili tu.

Pesa imepangwa hivi, na ninaandika ili mwingine akija na swali kama langu asome. Kama 6,000 imeshaenda kwa nauli na chai ya hizi safari, na sitaki kusikia mtu akisema hiyo si pesa ya kutangaza. 6,000 tumeweka kando ya KFCB na leseni ndogo ndogo. Vibanda vitatu Kisumu na stima 4,500. Projekta na spika kwa kumbi mbili zisizo na vyombo 7,000. Mabango arobaini ya A3 ni 2,400. Facebook 4,000, miji mitatu. Bando 2,000. Nauli ya wahusika wanaotaka kuja kwenye maonyesho 5,000, hii mwanzoni hata haikuwa kwa karatasi. Iliyobaki inakaa, kitu huharibika kila mara.

Onyesho la kwanza ni Kakamega, ukumbi wa kina Mama Lurambi, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao baada ya chakula cha mchana. Kisumu inafuata Jumanne na Jumatano, hakuna mechi, Nyar ameangalia. Hapa Nakuru tutafanya mwisho, na YouTube baada ya hapo, Jumapili saa mbili jioni. Bonde, trela itakuja Edita akimaliza, ngoja kidogo.

Fundi, nimekutumia ujumbe wa pembeni. Si kuongea, hata usipofungua mdomo ni sawa, nataka tu uketi hapo na uniambie baadaye kama tumekosea mahali. Webuye mpaka Kakamega si mbali, nauli yako ya kwenda na kurudi iko ndani ya hiyo 5,000. Na ukikuja niletee bei ya stuli sita, zile za ukumbi wa Mama Lurambi zimevunjika na ameniambia kikundi kinatafuta fundi.